Jumamosi za Noelene

Barrakee, Queensland
Juni 26, 1989

Dada Avis,

Nakuandikia mimi mwenyewe kabla hujasikia kwa watu, maana mji huu una midomo, na huko kanisani kwako hawakosekani wenye ndugu huku. Kwenye simu wewe hukawii kulia na mimi sikawii kukata, basi afadhali barua. Keti kwanza.

Tangu Oktoba iliyopita naruka na parachuti. Ndiyo, kutoka kwenye ndege, tena kwa hiari yangu. Kuna klabu ndogo nje ya mji, inaruka Jumamosi na Jumapili tu, kwenye uwanja wa ndege za kunyunyizia dawa mashamba. Kila Jumamosi tunapanda kandege ka bwana mmoja anaitwa Lindsay, tunafika juu, mlango unafunguliwa, tunatoka. Nimeficha muda wote huo, na ningeendelea kuficha lau si upepo wa juzi.

Upepo huo ulinitoa uwanjani ukanipeleka mjini. Nikatazama chini, naona miwa mirefu, naona reli ya treni ya miwa, na naona uwanja wa klabu ya mipira ya wazee, ile ya kuviringisha chini, nyasi zimenyolewa hadi zinang'aa. Ungekuwa wewe ungechagua wapi? Basi nikatua katikati ya mashindano ya wilaya. Wazee wote wamevaa nyeupe, mmoja ameinama na mpira mkononi, na huyo mmoja, dada yangu, alikuwa Wal Tranter, meneja wa kiwanda chetu cha sukari.

Akainua uso. "Noelene?"

"Habari za mchana, bosi."

"Unajua nyasi hizi zimechukua miaka mingapi mpaka zikatulia hivi?"

Hakuniuliza kama nimeumia. Alikuwa akitazama visigino vyangu, na kweli nilikuwa nimechimba mifereji miwili ambamo ungeweza kupanda viazi.

Leo asubuhi kuingia maabara, nakuta mwavuli wa mvua umefunguliwa juu ya kiti changu. Wakati wa chai ikawa kesi. Ezio Zanatta, yule anayeendesha treni ya miwa, akasema, "Miaka ishirini niko kwenye treni, sijawahi kuruka toka ndani hata ikiwa imesimama. Wewe mwanamke una nini?" Mwingine akataka kujua kama juu huko kuna choo. Glenys, unamkumbuka, karani wetu wa zamu, alinitetea, kisha akanivuta pembeni akaniambia nina wazimu. Bosi akaniita ofisini. "Mwaka huu tunaanza kusaga miwa siku saba kwa wiki," akasema. "Ukivunjika shingo katikati ya msimu, nani atanipimia sukari? Subiri Desemba uvunjike."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Sijacheka hivi tangu Trevor afe. Usiogope, dada. Kule juu ni kuzuri. Kwa dakika moja nzima simkumbuki mtu yeyote, hata yeye.

Mdogo wako,
Noelene


Franklin, Tasmania
Julai 5, 1989

Mdogo wangu Noelene,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, ingawa uliniambia nikae, kisha nikaketi nikaisoma tena.

Mama alipokufa ulikuwa na miaka tisa. Nani alikuchana nywele? Nani alikaa na wewe ulipopata surua? Sikukumbushi ili unishukuru. Nakukumbusha ujue kwamba mtu akikulea anakujua hata unapocheka. Mumeo Trevor alipochukuliwa na maji pale kijitoni, yeye na gari lake, nilikuwa mgeni wenu, nikabaki mpaka tukamzika, na nilikaa karibu yako kanisani. Hukutoa chozi. Ulikaa umenyooka kama mtu anayesubiri basi. Watu wakasema, Noelene ni jasiri. Mimi nilijua hilo si ujasiri.

Sasa unaniambia unapanda juu kisha unajiachia, na kwamba huko juu humkumbuki mtu. Mimi najua maana ya maneno hayo hata kama wewe hujui. Anayesema hivyo ni mtu anayeaga.

Wakubwa walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Naomba uache. Sikuombi kama rafiki, naomba kama aliyekulea. Huku tunapogoa matufaha na baridi ni ya kukata mikono. Niandikie uniambie umeacha.

Dada yako,
Avis


Franklin
Julai 5, 1989

Kwako Bi Glenys,

Huenda umenisahau. Mimi ni dada yake Noelene, tulikutana kwenye mazishi ya Trevor, na wewe ndiye uliyeosha vyombo vyote peke yako watu wakiwa wameshaondoka. Kwa hiyo nakuamini.

Ninyi huko mnaona michezo. Mimi naona mdogo wangu anatafuta njia ya kumfuata mumewe bila mtu kusema kwamba alijiua. Akianguka, watasema ni ajali. Ndivyo anavyotaka watu waseme, na mimi nitabaki hapa na barua zake.

Nimemwandikia aache. Hataacha, namjua. Sitaki afukuzwe kazi, kazi ndiyo inayomwamsha asubuhi. Ninachoomba ni hiki: klabu yao huruka Jumamosi na Jumapili tu. Wewe ndiye unayeandika zamu. Zungumza na meneja, mwambie nilivyokuambia. Mshughulisheni siku hizo mpaka moyo wake upoe. Na asijue kuwa ni mimi. Akijua, ataruka mara mbili.

Ni mimi,
Avis Dunbabin


Barrakee
Julai 17, 1989

Dada Avis,

Ni Glenys. Sijakusahau hata kidogo. Barua yako nililia nayo stoo, kwenye magunia, mtu asinione.

Nikuambie ukweli, sisi hapa tulikuwa tunacheka tu. Kila siku utani mpya. Wachache walikuwa wamekasirika kwa sababu ya zile nyasi, maana hapa mtu anaweza kukusamehe ukimwibia kuku lakini si ukiharibu uwanja wa mipira. Hakuna aliyefikiria ulichofikiria wewe. Nilipokisoma nikajiona mjinga.

Nikaenda kwa bosi. Nilidhani atanifukuza. Alisikiliza, akainuka akafunga mlango, akakaa tena. "Kumbe ni majonzi," akasema. "Mimi nilidhani anatuchezea." Dada, huenda hujui: Wal Tranter ndiye aliyeingia majini siku ile akafunga kamba kwenye gari la Trevor. Hajawahi kulizungumzia. Akasema, "Mwandike zamu ya mchana, Jumamosi na Jumapili zote, mpaka msimu uishe. Kama kuna lawama, ni yangu."

Lakini zamu peke yake haitoshi, kwa sababu kiwandani petu kuna mila. Mtu akikuomba mbadilishane zamu, hukatai. Hata kama hamsemeshani. Hata kama alikuchukulia mchumba. Unamshikia yake, naye atakushikia yako siku nyingine. Mila hiyo ni ya tangu enzi za babu zetu. Kwa hiyo ilibidi niwaambie watu. Niliwakusanya yeye akiwa maabara, nikawaambia tunamwokoa, akiomba Jumamosi yeyote asimpe. Ezio alibisha. "Mtu mzima tunamfungia kama kuku?" Nikamuuliza, akifa utabeba jeneza upande gani? Wote wamekubali, na mwavuli tumeuondoa kitini. Utani umekwisha.

Usijali, tutamlinda.

Glenys Tuckwell


Barrakee
Agosti 13, 1989

Dada Avis,

Sijakuandikia kwa sababu sikutaka kukujibu kwa hasira. Sasa hasira imeisha, kilichobaki ni kuchoka.

Sijaacha kuruka, ila siruki. Nimepangiwa kazi kila Jumamosi na kila Jumapili, na hakuna anayekubali tubadilishane. Hakuna! Wewe hujui maana yake hapa. Kiwandani kwetu hata mlevi akikuomba umshikie zamu, unamshikia. Nimemwomba Ezio, kaniambia Jumamosi hiyo ana harusi ya binti yake. Binti zake wote wameolewa, mmoja ameolewa mara mbili. Mwingine kaniambia anampeleka paka kwa daktari. Glenys ananiandikia zamu huku akitazama kalamu yake.

Ni zile nyasi, dada. Sikujua watu wanaweza kukuchukia kwa ajili ya nyasi. Nimekwenda klabu ya mipira siku zangu za mapumziko nikabeba mchanga kwa ndoo, nikajaza mifereji yangu, mzee mmoja akinisimamia. Haikusaidia. Nikiingia kwenye chumba cha chai wanapunguza sauti. Hakuna anayenitania tena. Siku ile ya mwavuli nilifurahi, sikukuambia, lakini nilifurahi sana, maana ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi watu kunichezea kama mtu wa kawaida. Afadhali wangenitukana.

Basi nimepata dawa. Mimi nitashika mila hata kama wao wameiacha. Anayetaka mapumziko ya usiku, namshikia. Mwenye mtoto mgonjwa, namshikia. Wanaomba kwa aibu aibu, na mimi sikatai. Fadhila zikijaa, lazima atatokea mtu wa kunipa Jumamosi moja. Ninayoitaka ni ya Oktoba 14. Siku hiyo klabu itajaribu duara la watu kumi na wawili, wote hewani, kila mmoja ameshika mkono wa mwenzake. Nimepewa nafasi yangu, kati ya mwalimu mmoja wa shule na Rowena, mke wa Lindsay.

Uliniandikia kwamba naaga. Ngoja nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Kabla hujapanda ndege, mwenzako lazima akukague. Anavuta mikanda yako, mabegani, mapajani, anavuta kwa nguvu mpaka unayumba. Tangu Trevor afe, watu wananigusa kama wanashika yai. Rowena ananivuta kama gunia. Akimaliza ananitazama machoni na kuniuliza, "Unarudi?" Ni desturi ya klabu yao, kila mtu huulizwa. Lazima ujibu, "Narudi." Siku yangu ya kwanza sikuweza kujibu. Neno lilikataa kutoka. Rowena akanivua mikanda, akanikalisha kwenye benchi, ndege ikaondoka. Jumamosi iliyofuata hivyo hivyo. Na iliyofuata. Nilikuwa naendesha gari hadi kule ili kukaa kwenye benchi. Halafu siku moja akaniuliza nikasema narudi, na nikasikia kwamba ni kweli.

Basi huko ndiko ninakokwenda Jumamosi, dada. Nakwenda kulisema hilo.

Noelene


Barrakee
Septemba 10, 1989

Dada Avis,

Nakuandikia kwa sababu sijui nimwandikie nani mwingine.

Noelene amekonda. Ameshika zamu za usiku za nusu ya kiwanda, na kila zamu ya usiku anaiunganisha na yake ya mchana. Mimi ndiye ninayeziandika, kwa hiyo najua. Nilimwambia, "Noelene, mwili una haki yake." Akanijibu, "Mwili wangu unadai Jumamosi, Glenys, una moja ya kunipa?" Juzi nilimkuta amelala ameegemea mzani wa maabara, chupa ya juisi ya miwa bado iko mkononi. Jana kaleta keki alizooka mwenyewe, kaziweka mezani, kamshukuru kila mtu kwa jina. Watu wamekula wameinamisha vichwa. Ezio hakula. Alitoka nje akavuta sigara tatu.

Anaamini tunamchukia, dada. Nilifikiri nitaweza kulibeba hilo kwa sababu ni kwa faida yake, lakini kila siku linanizidi uzito. Naomba ruhusa yako tumweleze. Au tumpe hiyo Jumamosi moja tu, ya Oktoba 14. Bosi anasema yeye hana neno, dada yake ndiye anayemjua, dada yake aamue.

Glenys


Franklin
Septemba 18, 1989

Bi Glenys,

Nimeomba Mungu kwa juma zima kabla ya kukujibu.

Noelene ameniandikia barua ndefu. Kuna maneno humo kuhusu mikanda na kuhusu kurudi ambayo yamenigusa sana, na kwa siku mbili nilitaka kukupigia simu nikuambie mwacheni aende. Kisha siku ya tatu nikawaza: hata Trevor aliniambia atarudi. Alisimama mlangoni kwao, mimi nikiwa mgeni wao Pasaka ile, akasema anakwenda kuangalia maji mara moja na anarudi. Kusema kwamba unarudi hakumrudishi mtu.

Nimemzika mama. Nimemzika baba. Huyu ndiye niliyebaki naye. Acha anichukie, acha awachukie ninyi, nitaomba msamaha akiwa mzee mwenye mvi. Amechoka, sawa. Kuchoka hakuui mtu, Glenys. Kuanguka kunaua.

Shikilieni mpaka msimu uishe Novemba. Nitakuja mwenyewe Desemba nikae naye, nimpikie, na hapo tutaona. Oktoba 14, hapana. Siku hiyo hasa, ya watu kumi na wawili kushikana hewani, hapana. Na msimwambie.

Mimi nimemwandikia mistari michache tu kumwambia avumilie, kwamba huenda Mungu ana makusudi yake.

Avis


Kiwanda cha Sukari, Barrakee
Oktoba 8, 1989

Kwa Bi A. Dunbabin,

Nasikitika kukujulisha kwamba mdogo wako, Bi Noelene Pruett, alipata ajali akiwa kazini jana Jumamosi. Yu hai. Nimeona niliandike hilo mwanzo.

Bi Pruett alikuwa amemshikia mwenzake zamu ya usiku, na asubuhi akaanza zamu yake mwenyewe bila kwenda nyumbani. Kazi yake inamtaka achukue sampuli ya juisi chini ya rola zinazosaga miwa. Bomba lilikuwa limeziba kwa makapi. Kanuni ni kusimamisha rola kwanza. Anaijua kanuni hiyo, na ndiye aliyekuwa akiwafundisha wageni. Badala yake aliingiza mkono kuondoa makapi. Ezio Zanatta alikuwa karibu na ndiye aliyezima mtambo. Walimpeleka hospitali ya Townsville kwa ndege. Madaktari wamelazimika kuukata mkono wa kulia chini ya kiwiko.

Kabla ndege haijaondoka nilimuuliza ni nini kilimpata, mtu makini kama yeye. Akasema alidhani ameshasimamisha rola. Alikuwa na hakika kabisa kwamba amezisimamisha.

Kuhusu makubaliano yetu, hajaambiwa lolote. Naona ni heri ibaki hivyo, na naamini wewe utakubaliana nami. Kazi yake ipo, tutamtafutia ya mezani. Mimi si mwandishi mzuri wa barua kama hizi. Mke wangu ananiuliza kwa nini sili.

Wako,
W. Tranter


Franklin
Oktoba 13, 1989

Noelene, mpenzi wangu, mtoto wangu,

Bwana Tranter ameniandikia. Nimelia mpaka mume wangu akamwita jirani. Nilitaka kupanda ndege siku ile ile, lakini daktari wako kwenye simu amesema umekataa wageni, basi nangoja.

Usikate tamaa. Mkono ni mkono tu, roho ndiyo kitu. Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu kwamba ulikuwa chini, ardhini, kati ya watu. Fikiria kama ungekuwa juu huko, nani angekuzimia mtambo? Najua utaona ni maneno magumu, lakini huenda mambo haya yamekuepusha na makubwa zaidi.

Unadhani wenzako wanakuchukia. Hawakuchukii, Noelene. Wanakupenda kuliko unavyojua. Siku moja utaelewa.

Nitakuja Desemba, nitakaa mpaka utakaponichoka. Nitakuosha nywele kama zamani, nitakukatia nyama, nitakufunga vifungo. Huna haja ya kufanya lolote.

Dada yako akupendaye,
Avis


Barrakee
Novemba 12, 1989

Dada Avis,

Naandika kwa mkono wa kushoto. Vumilia herufi. Barua hii imechukua siku nyingi.

Glenys alikuja hospitali. Alikaa kitandani kwangu akaniambia yote, tangu barua yako ya Julai. Alikuwa ameapa asiseme lakini alishindwa. Usimlaumu. Alilia sana hata muuguzi akadhani mgonjwa ni yeye.

Kwa hiyo nilipopata barua yako nilikuwa najua tayari. Niliisoma ile sehemu ya kwamba siku moja nitaelewa. Nikangoja niifikie sehemu ambayo utaniambia. Nikageuza karatasi nyuma nikaangalia kama umeandika huko.

Niko nyumbani sasa. Watu wa kiwandani wanakuja kila siku, wanaleta vyakula, friji imejaa haifungi. Wanasema polepole. Ezio alikuja peke yake, kofia mkononi. Akasema, "Noelene, chukua Jumamosi zangu zote. Zote mpaka nistaafu." Kisha akalia, mtu mzima yule, mdomo wazi kama mtoto. Nikamwambia basi, Ezio, basi, umenizimia mtambo, wewe ndiye uliyenizimia. Nikambembeleza mpaka akanyamaza. Alipoondoka nililala hadi kesho yake.

Bosi naye alikuja. Nikambembeleza na yeye. Aliniambia kuhusu siku ile ya gari la Trevor, mambo ambayo sikuwa nayajua na sikutaka kuyajua. Akaenda zake amepunguziwa mzigo, nikamwona hata mwendo wake umebadilika.

Lindsay na Rowena walikuja pia. Duara lao lilifanikiwa Oktoba 14. Walikuwa kumi na mmoja. Pale pangu hawakumweka mtu. Sijui kama ni heshima au walikosa mtu, sikuuliza. Parachuti inaongozwa kwa kamba mbili, moja kila mkono. Lindsay anasema siku hizi kuna njia ya kumfunga mtu kifuani kwa mwingine, anashuka naye kama mama na mwana. Nikamwambia asante, nimekwisha bebwa vya kutosha.

Hukukosea kunipenda. Nimejaribu kuona kwamba hukunipenda, ingekuwa rahisi, lakini siwezi. Ulinipenda, na hukuniuliza. Nilikuandikia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote duniani, ukalisoma, ukalielewa. Glenys amenionyesha barua yako ya Septemba. Uliandika kwamba lilikugusa. Halafu ukaandika hapana. Hilo ndilo nisiloweza kulipita, dada. La Julai nimekusamehe zamani, la Julai ulikuwa hujui.

Usije Desemba.

Najua utakavyokuja. Utaingia na mizigo yako, utaniosha nywele, utanikatia nyama, na usiku utakaa kwenye kiti kile cha jikoni ukilia, ukinitazama, ukingoja nikuambie si kosa lako. Na mimi nitakuambia. Nitakushika kichwa kwa mkono huu uliobaki na nitakuambia, maana ndivyo ulivyonilea. Utalala usingizi mzuri. Nimewafanyia hivyo wote waliokuja hapa, na kwako sitaki kufanya, kwa sababu bado si kweli.

Kaa huko Franklin mpaka nitakapokuita. Sijui kama nitakuita.

Noelene